Watano Warudi Nyumbani

Jana nililala nimekasirika, na hata usingizini sikupoa. Ndoto ilinikuta nimeuma meno.

Kwanza mjue kilichonikasirisha. Alhamisi soko jipya la mji wetu liliporomoka saa nne asubuhi, watu wamo ndani wananunua. Mwandishi wetu Sikudhani akaenda hospitali, akasimama mlangoni pa chumba cha maiti, akahesabu miguu, maana nyuso zilikuwa zimefunikwa. Miguu kumi na minne. Akazungumza na ndugu waliokuja kutambua, akapata majina saba, tukayachapa yote. Ijumaa ikaja barua kutoka kwa mkubwa wa wilaya, ambaye shemeji yake ndiye aliyelijenga hilo soko. Waliokufa ni wawili, inasema barua, na gazeti liombe radhi ukurasa wa kwanza toleo la Jumapili, la sivyo linafungiwa. Bosi wangu Bwana Kihwelo akanisukumia mimi mhariri wa zamu. "Mhando, andika mistari mitano tu, yaishe."

Yaishe! Nikaenda kulala sijaandika hata mmoja.

Basi naota niko ofisini, jua la mchana linapiga dirishani. Kwenye kiti changu amekaa Muhuri. Ni uleule uliopigwa chini ya barua, ila sasa ana kimo cha mtu mzima, amevaa tai, na wino wake wa zambarau unachafua kiti.

"Karibu, keti," ananiambia.

"Umekalia kiti changu."

"Basi simama. Umeshaandika?"

"Bado."

"Usihangaike na maneno, maneno ni kazi ndogo. Utaratibu unasema habari ikikanushwa, ikanushike. Nyie mmeandika saba, sisi tunasema wawili. Kwa hiyo watano warudi nyumbani."

"Wamekufa, mheshimiwa."

"Hilo ndilo kosa lenu tunalolirekebisha."

Akavuta droo ya meza yangu, tukaingia. Ndani ya droo mna korido ya hospitali, ndefu, inanuka dawa ya kufanyia usafi. Kwenye benchi wamekaa watu saba, vumbi la saruji limewajaa mpaka kwenye kope. Nawajua kwa majina, niliyasoma mara tatu kabla hayajaenda mtamboni. Yule mwenye sindano ya kushonea viatu ni Mzee Ngasongwa. Yule mwenye kanga iliyochanika begani ni Bi. Sijali, muuza uji.

Mbele yao, juu ya machela, imelazwa nguzo ya zege, imefunikwa shuka hadi shingoni.

"Na huyu?" nikauliza.

"Shahidi. Ameletwa kuthibitisha kwamba soko lilijengwa kwa viwango."

Nguzo ikajigeuza kwa shida. "Mimi sina nondo," ikasema. "Nilitiwa fito za banda la kuku. Nondo zangu ziko kwenye ghorofa la shemeji, zimeshika sebule. Mimi hata mbuzi akiniegemea naanguka."

"Shahidi amechoka," Muhuri akasema, akalivuta shuka mpaka juu.

Halafu akasimama mbele ya benchi na kukohoa kidogo, kama mtu anayetaka kuanza mkutano. "Ndugu zangu, mamlaka imetambua vifo viwili. Nyie mko saba. Wawili wabaki, watano warudi nyumbani, na wasirudie tena."

Mzee Ngasongwa akanyoosha mkono. "Mimi nina miaka sabini na moja. Niandike mimi, uwaachie hawa."

"Mfano wa kuigwa," Muhuri akasema. Wa pili akamchagua mwenyewe, muuza mihogo, kwa sababu alikuwa amekaa mwisho wa benchi.

Bi. Sijali akanigeukia. "Kaka wa gazeti, ni kweli tunarudi? Mwanangu bado ananyonya."

Nitasema ukweli, aibu ni yangu. Nilitaka iwe kweli. Nikajiambia, kama mistari mitano inarudisha watu watano, naandika hata gazeti zima, nawasifu mkubwa na shemeji yake mpaka kurasa za michezo.

"Twende tukaone," nikamwambia.

Tunafungua mlango wa korido, tuko uani kwake. Turubai la msiba limefungwa, wanawake wamekaa mikekani, masufuria yako motoni. Askari wawili wanafungua kamba za turubai. Mmoja ana daftari.

"Hapa hakuna marehemu," anasema mwenye daftari. "Mnalia nini?"

"Mwanangu amekufa," anajibu bibi mmoja, mama yake Bi. Sijali, sauti imemkauka.

"Mama, gazeti limesema hajafa." Akakunjua toleo la Jumapili. Ukurasa wa kwanza, tunaomba radhi, mistari mitano, na chini jina langu lote, Mhando, na la baba yangu.

"Sijaandika hiyo!" nikapiga kelele.

"Tumekusaidia," Muhuri akasema. "Tuliona umechoka."

Askari akamwona Bi. Sijali. "Si huyu hapa? Mzima kabisa! Hebu mama, wapikie wageni wako." Akampa mwiko. Mwiko ukapita kwenye kiganja chake ukaanguka chini. Akauokota akampa tena, ukaanguka tena. Mara ya tatu askari akaandika daftarini: amekataa kupika.

Bi. Sijali akaenda kwa mwanawe, aliyebebwa na shangazi yake. Akamwita, akamwita. Mtoto anaangalia turubai linavyoshuka. Akarudi kwangu taratibu, akafuta vumbi usoni, na vumbi halikutoka.

"Hawanioni, kaka. Kurudi sijarudi. Mmeninyang'anya hata kuliliwa."

Loo! Hapo nilipandwa na hasira. Mtu anaibiwa nondo, anaibiwa roho, halafu wanakuja kumwibia na machozi ya mama yake, na hati ya wizi ina jina langu! Nikamkwida Muhuri tai. Nikamwambia wewe ni kipande cha mpira, huna haya, huna mama. Akanitazama bila wasiwasi.

"Lalamika kwa maandishi," akasema.

Nikachomoa kalamu niandike majina yote saba upya, palepale, nyuma ya ile radhi. Kalamu ikajifunga kifuniko. "Mimi nina familia," ikasema.

"Basi nitayasoma kwa mdomo."

Nikapanda juu ya kinu kilichokuwa uani. Nikataja la kwanza, Ngasongwa. Wanawake wakaangua kilio. Muhuri akaruka akanigonga kwenye paji la uso: HAIJATHIBITISHWA. Nikataja la pili, kilio, akanigonga shavuni. La tatu, kifuani. Nataja, wanalia, ananigonga. Askari wameshaliachia turubai, hawajui waandike nini. Nilipofika la saba nilikuwa zambarau mwili mzima, hata ndani ya sikio, na Bi. Sijali alikuwa analiliwa na kila mtu aliyekuwa pale, kilio cha haki yake.

Nikashuka kwenye kinu.

"Mbona umeshuka?" Bi. Sijali akaniuliza. "Endelea."

"Wamekwisha. Ni saba."

"Nani kasema saba?"

"Tulihesabu sisi wenyewe, mlangoni pa chumba cha maiti."

"Mlihesabu waliotolewa," akasema. "Na majina mkapewa na ndugu. Yule dada wa vitunguu si mtu wa hapa, hakuna aliyekuja kumuulizia. Yuko chini ya ngazi, upande wa choo. Amekumbatia beseni lake la kijani."

"Anaitwa nani?"

Akafungua mdomo anijibu, na simu yangu ikaita.

Nikaamka. Jumamosi, jua limeshatoka, shuka lote liko chini. Aliyepiga ni Sikudhani, na nyuma yake nasikia injini inanguruma.

"Kaka Mhando, shikamoo. Niko sokoni. Wanasema kufukua kumekwisha, wameleta katapila lisawazishe uwanja. Mimi nimewaambia wasubiri, wananicheka."

"Marahaba. Kwa nini wasubiri?"

"Kuna kitu kimechomoza kwenye zege, upande wa choo. Wanasema ni takataka."

"Chini ya ngazi?"

"Hapohapo. Ni beseni, kaka. La kijani."

"Sikudhani, nisikilize. Kaa mbele ya hilo katapila. Kaa chini kabisa, usiondoke. Piga picha, ita watu, piga kelele, sema lolote. Uliza wauza vitunguu jina la mwenzao. Nakuja."

Nikavaa shati kinyume. Kabla sijatoka nikafungua kompyuta, maana saa sita Bwana Kihwelo angetaka mistari yake mitano. Nilichapa bila kosa hata moja:

"Gazeti hili linawaomba radhi wasomaji wake na wafiwa wote. Katika toleo letu la Ijumaa tuliandika kwamba waliokufa sokoni ni watu saba. Habari hiyo haikuwa sahihi. Ni wanane."