Glovu za Kufua

Kokugonza aliweka glovu mdomoni, akapuliza. Ikavimba vidole vyote vitano, ikakaa. Haikuwa na tundu. Akaianika kwenye kamba nyuma ya maabara, ndani nje, pamoja na nyingine zilizotoka chumba cha upasuaji. Zikikauka atazipaka poda na kuzivaa hivyo hivyo, upande wenye jasho la wenzake ukiwa nje, maana ukizigeuza tena zinachanika.

Watu wa mradi wa ukimwi uliotoka Ulaya hawakuwa wamefundisha hivyo. Mzungu mmoja alikishika kiganja cha Kokugonza mbele ya wenzake, akaeleza kwamba ngozi ya mtu hutoa kimeng'enya, kitu ambacho mwili hujitengenezea wenyewe, na kazi yake ni kukata RNA. Virusi vya ukimwi maelekezo yake yote yamo kwenye RNA, na ndiyo waliyotaka kuipima. Hicho kimeng'enya ni sehemu ya kinga, alisema, ni kama mlinzi wa getini. Tatizo ni kwamba mlinzi huyo hajui maabara ni nini. RNA ikishatolewa kwenye damu na kutiwa kichupani, jasho kidogo tu la mkono linaikata vipande vipande, na huko Ulaya hawapati cha kupima. Kuosha hakusaidii, hata kuchemsha. Kwa hiyo glovu mpya, kila mara.

Na glovu mpya zilikuja, makatoni kwa makatoni. Dakta Jovinary, mkuu wa maabara, akazipeleka kwenye zahanati aliyoifungua Kiseke. Ilikuwa ruksa siku hizo daktari kufungua yake, na yeye alijipa ruksa kubwa kuliko aliyopewa. Kokugonza alimwuliza mara moja tu.

"Koku, nani alikutoa Bukoba?"

"Ni wewe, Dakta."

"Basi fua."

Akafua. Mama yake kule Bukoba alikula kwa kazi ile.

Glovu hizo ndizo alizovaa alipoishughulikia damu ya Suzana, mwanamke wa Ilemela aliyekuwa akikata minofu ya sangara kwenye kiwanda kimoja cha samaki. Mradi ulikuwa unachagua wagonjwa wa kupewa dawa mpya, ambazo Mwanza nzima hazikuwepo, na asiye na kipimo kutoka Ulaya hachaguliwi. Siku ya kutolewa damu Suzana aliiona ile kamba, akacheka.

"Dada, kumbe mnafua! Sisi kule ukigusa mnofu na glovu ya jana unafukuzwa. Wazungu hawali."

Kokugonza alicheka naye, kisha akaona haya kwamba amecheka.

Simu ya Ulaya ilipokuja, Dakta alimnong'oneza Kokugonza koridoni. "Vichupa vya yule mama wa samaki havina kitu, RNA imekatika yote. Wewe nyamaza. Nitazungumza mimi." Wakaingia ofisini, Suzana akiwa ameshakaa, amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba. Kipimo chako kimeharibika. Umekuwa ukinywa dawa za kienyeji?"

Suzana akatazama sakafu. "Mama mkwe alinichemshia mizizi. Nilikunywa kidogo tu."

"Unaona? Unaletewa utaalamu mpaka hapa Mwanza, wewe unakunywa mizizi."

"Naomba nitolewe tena, Dakta. Sitarudia."

"Nafasi zimejaa."

"Hata ya mwisho? Nina watoto wadogo, Dakta."

"Ungewafikiria kabla ya kunywa."

Mizizi haikuwa na kosa lolote. Kokugonza alilijua hilo, na Dakta alijua kwamba analijua, ndiyo maana hakumtazama. Maneno yalikuwa tayari kinywani: si yeye, ni sisi. Akamfikiria mama yake, akayameza. Aibu ilimpanda, na bado alisimama pale, mikono nyuma, kama mtu anayekubaliana na yote yaliyosemwa.

"Koku, msindikize."

Nje Suzana hakulia. Alitembea mpaka getini, akasimama, halafu, kama wanawake wa kwao wafanyavyo mbele ya mtu wanayemheshimu, akapiga magoti kwenye kokoto, watu wakipita.

"Dada, nimekupotezea kazi yako. Umehangaika na damu yangu bure. Nisamehe."

"Inuka, Suzana. Tafadhali."

"Sema kwanza umenisamehe. Nitarudije nyumbani na mzigo huu?"

Wapita njia walikuwa wameanza kusimama. Dirisha la Dakta lilikuwa wazi.

"Nimekusamehe," alisema Kokugonza.

Suzana akashukuru, akashukuru tena. Akapangusa magoti, akajifunga kitenge vizuri, akaenda mbio kuwahi zamu yake kiwandani.