Shimo la Mama Godelieve

Ugonjwa ulipomziba kinywa Mama Godelieve, jirani yangu hapa Masisi, serikali ilimpa mlezi wa kumwamulia kila kitu: Papa Thierry, mtu wa Kinshasa. Mimi sisahau. Alipanda kilima chetu mara moja, akakaa dakika ishirini, akaandika kwamba mama aondolewe nyumbani kwake, apelekwe nyumba ya wazee Kirotshe. Sababu: hajui siku, na anazika ndizi mbichi kama maiti.

Nilipeleka barua nne tribinali. Ya nne ndiyo iliyomleta hakimu Astrid kuupima upya uamuzi ule, siku ya Jumanne, pamoja na Thierry.

Hakimu alimwomba mama afungue shimo la ndizi. Mama alikataa kwa kichwa, akainua vidole viwili.

Thierry akacheka. "Munaona, Mama hakimu? Hata shimo yake hajue."

Nikamwambia hakimu kwamba zimebaki siku mbili. Ndizi za kasiksi, pombe yetu ya ndizi, zikifukuliwa mapema ni chungu, zikichelewa zinaoza. Akasema atarudi Alhamisi. Sikuamini. Tangu nipate akili nimeona wakubwa wengi wakiahidi kilima hiki, hakuna aliyerudi.

Alirudi, matope hadi magotini, na Thierry nyuma yake.

Mama alikuwa amekwisha kukata nyasi na kuosha mtumbwi wa mti wa kukamulia maji ya ndizi. Aliondoa udongo kwa mikono, akainua majani ya mgomba. Joto likapanda na harufu tamu ikatufunika sote. Ndizi zote zilikuwa njano, bila moja ya kijani wala moja nyeusi.  

Hakimu aliuliza nani alimhesabia siku. Nikamjibu kwamba hakuna.

"Papa Thierry, njo huyu uliandika hajue siku?"

"Kwetu hatuzike ndizi, Mama hakimu," akajibu, macho chini.

"Basi ungemuuliza. Iko na vidole."

Akasoma uamuzi palepale, amesimama: mama anabaki kwake, na mlezi asiamue tena jambo lolote kabla ya kuja kumuuliza.

Mama Godelieve hakungoja amalize. Alichukua fungu la nyasi za kukamulia, akamwekea Thierry mikononi, akamwonyesha mtumbwi. Thierry akatutazama. Kisha akakunja mikono ya shati, akapiga magoti.

Nina miaka sitini na moja. Sikuwa nimewahi kuona mtu wa serikali akipiga magoti hapa.