Siku Thelathini na Saba za Shemsa

Shemsa hakuwa mtu wa kukaa. Tangu utotoni hakuwa, na maradhi ndiyo kwanza yakamzidisha. Mwaka ule wa sabini na mbili, titi lake la kushoto liliposhaondolewa na kidonda kikakauka, watu wa Jang'ombe walitaraji kumwona kajilaza kitandani anapepewa. Wapi! Alfajiri keshafagia uwanja, saa tatu yuko foleni ya mchele, adhuhuri yuko jikoni. Ikifika alasiri hana tena la kufanya, basi hapo ndipo roho inapomwenda juu.

Kilichomsumbua ni dawa. Si dawa yenyewe, ratiba yake. Daktari, mgeni kutoka Ulaya mwenye Kiswahili cha salamu tu, alimweleza kwa ulimi wa Nesi Sichana kwamba uvimbe wameuwahi ungali mdogo. Umetoka wote, kwa jinsi macho yanavyoona. Lakini huenda zimebaki mbegu mwilini zisizoonekana, na hizo ndizo zinazotafutiwa vidonge. Hapo sawa. Sasa vidonge vinywewe vipi? Daktari akasema, wala hakuona haya, kwamba hajui. Kuna wanaopewa kidogo kidogo kila siku, mwaka mzima. Na kuna wanaopewa vingi kwa mkupuo, siku tano, kisha wanapumzishwa siku thelathini na saba mwili upate nguvu, halafu siku tano tena. Ipi bora ndiyo inayotafutwa, kwa hiyo kila mwanamke anafunguliwa bahasha, kilichoandikwa ndani ndicho chake. Shemsa alitamani kumnasa kofi. Akakubali lakini, maana angekataa angepata nini?

Bahasha yake ikatoka siku tano. Bahasha ya Mwatum ikatoka kila siku.

Mwatum alikuwa kitanda cha pili wodini, kapasuliwa wiki ile ile. Mjane, wa huko huko Jang'ombe nyuma ya msikiti, mpole hata anachosha, mtu wa kusinzia huku kakaa. Hawakufanana hata kwa kucha, na kwa sababu hiyo wakawa mashoga. Walipotoka hospitali, Shemsa kapewa kipakiti, mwenziwe kapewa chupa imejaa tele. Ile chupa Shemsa aliiangalia njia nzima.

Siku zake tano alimeza, akatapika, na alikuwa na furaha. Ya sita akaamka hana cha kumeza. Akaanza kuhangaika. Akishika ufagio anahisi kitu kinatembea kwapani. Akiuweka, kimehamia shingoni. Mumewe, Bwana Msabah, akimwambia apumzike kama alivyoambiwa, anajibiwa kwamba kupumzika ni kwa waliokufa. Siku ya tisa ya kupumzishwa akenda kwa Mwatum, hata buibui hakuvua, akayasema yaliyokuwa yakimtafuna.

"Wewe mwenzangu kila siku unapiga kufuli," alisema. "Mie nshafunga mlango siku tano, kisha n'nauacha wazi siku thelathini na saba. Mwizi gani huyo asoingia?"

Mwatum akawa anachezea ncha ya kanga yake.

Sasa kuna hili la bakuli. Mwatum vidonge vilimchafua moyo mpaka hawezi kusikia harufu ya jiko lake mwenyewe, na Shemsa, kwa kutafuta pa kupelekea miguu, akawa kila adhuhuri anampelekea bakuli la kitu: leo mchuzi wa samaki, kesho boga la nazi. Na bakuli likenda na kitu halirudi tupu. Hivyo ndivyo walivyolelewa, wote wawili. Huna cha maana, tia hata ndimu mbili, hata chembe za chumvi, lakini bakuli tupu humregeshei mtu. Ila mwaka ule, kwa foleni zile, nyumba ya mjane ina nini? Mwanzo zilirudi ndimu. Kisha ndimu moja. Kisha majani ya mchaichai.

Alasiri ya kesho yake, baada ya maneno yale ya mlango, Mwatum akaliregesha bakuli limefunikwa kawa kama kawaida. Akaaga. Shemsa akafunua. Karatasi imekunjwa, na ndani vidonge viwili.

Kinachorudi chini ya kawa hakifunuliwi mbele ya aliyekileta, wala hakiulizwi. Ni aibu. Basi Shemsa hakuuliza. Angeuliza neno moja tu, haya yote yasingekuwa. Alijiambia chupa ile imejaa, viwili havitomkosesha mwenziwe kitu, na hata kama vinamkosesha, si ni nusu kwa nusu, mashoga hao? Akameza kabla ya magharibi. Usiku ule alilala.

Ikawa kila siku. Bakuli linakwenda, bakuli linarudi, viwili kwa viwili. Mdomo ukamtoka vidonda, nywele zikamjaa kichanani, jioni mwili ukawa wa moto. Shemsa akafurahi, mwenda wazimu yule! Dawa inafanya kazi, alimwambia mumewe, aliyekuwa keshachoka kujibiwa.

Siku ya kurudi hospitali ilipofika walikwenda pamoja, wakatobolewa vidole, wakakaa bencini. Shemsa ndiye aliyeitwa kwanza. Daktari aliitazama karatasi ya damu, akamtazama yeye, akairudia karatasi. Nesi Sichana akafasiri taratibu: chembe nyeupe za damu, zile zinazoupigania mwili, zimeanguka vibaya. Homa ndogo tu ingeweza kumchukua. Daktari haelewi, kwa sababu wiki zote hizi damu ilipaswa iwe ishapanda. Labda hii ratiba ya siku tano ni nzito, itabidi wengine wapunguziwe. Yeye hapewi kidonge leo. Arudi baada ya wiki tatu.

Wiki tatu! Shemsa alitoka mle, akajibanza karibu na mlango kumngoja mwenziwe, kwa hiyo yaliyofuata aliyasikia yote.

Mwatum damu yake safi, safi mno. Nesi Sichana alikuwa akimsifu. Chupa imemalizika sawasawa na hesabu, hata kimoja hakikubaki. Laiti wagonjwa wote wangekuwa hivi, alisema, basi aendelee vivyo hivyo, viwili kila siku.

Viwili kila siku. Shemsa alilirudia neno lile kimoyomoyo mpaka likamwingia. Kumbe haikuwa nusu. Viwili ndiyo dawa yote ya Mwatum, na siku ishirini na saba nzima imekuwa ikipita kwenye koo lake yeye. Mwenye kufuli alikuwa akilala mlango wazi, na kufuli kampa jirani.

Shemsa alifika kwake akapika muhogo wa nazi, akaupeleka. Safari hii hakuweka akaondoka. Alikaa kwenye mkeka akamngoja Mwatum ale, na Mwatum akala kidogo, kwa macho ya chini.

"Kwa nini?" Shemsa aliuliza.

"Vikinitapisha," Mwatum alijibu. "Na wewe ulikuwa unavitaka sana. Bakuli lako linakuja kila siku limejaa, nikuregeshee na nini, Shemsa? Nyumba hii hamna kitu."

Shemsa alikuwa kaja na maneno mengi makali, yakamkauka yote. Alilia. Alisema yeye mwizi, aliyekuwa akimwogopa mwizi kumbe mwizi mwenyewe, na Mwatum naye akalia. Walipomaliza wakakubaliana Jumamosi wende wote wawili kwa Nesi Sichana wakaseme ukweli, daktari afute alichokiandika juu ya ratiba ya siku tano, na wakitukanwa watukanwe.

Kisha Mwatum akaliosha bakuli. Akasimama nalo, akaangaza pembe za chumba kama alivyozoea, huku na huku, anatafuta cha kutia.

"Leo nnalitaka tupu," Shemsa alisema. "Na kesho tupu. Nipe hivyo hivyo."

Mwatum alisita. Ilimuuma, ilionekana wazi kwamba ilimuuma, mwanamke mtu mzima kumpa mwenziwe bakuli jeupe. Akalitoa. Shemsa akalipokea, lakini hakuondoka mpaka chupa mpya ilipofunguliwa, na viwili vikatiwa kinywani mbele ya macho yake, na maji juu.

Akapita njia ya msikiti kweupe, bakuli mkononi, halina hata kawa. Wanawake barazani wakatazamana, kuna nini baina ya mashoga wale? Hakuwajibu. Alifika kwake, ufagio upo pale pale mlangoni, akaupita. Zilibaki wiki tatu. Akaliweka bakuli chini, akakaa.