Chupa ya Maji Matupu

Mimi sina subira, na Nyamache nzima inajua. Miaka kumi na minne ya unesi haijaniponya. Lakini siku ile ya soko, Machogu alipoletwa zahanati juu ya mlango uliong'olewa nyumbani kwake, nilitulia. Paja lake lilikuwa limepasuliwa kwa panga. Nikalibana kwa viganja viwili, nikamwambia msaidizi wangu Emily atundike dripu.

Ilikuwa chupa yetu ya mwisho ya maji ya chumvi, na ikaisha. Ambulensi ilikuwa njiani kutoka Kisii, bado nusu saa. Kazi yangu ilibaki moja tu: nisitoe mikono pale pajani mpaka ifike.

Hapo akaingia Manasseh, mdogo wake Machogu, panga mkononi. Ndiye aliyemkata. Walikuwa wamegombania mstari mmoja wa michai kwenye mpaka wa shamba. Sasa alikuwa analia mpaka kamasi zinamtoka, na mimi mtu anayelia huku ameshika panga namwogopa kuliko anayetukana.

"Sista, mbona dripu imekauka?"

"Imeisha. Weka hilo panga chini."

"Na zile?" Alionyesha chupa kubwa kwenye rafu, za maji safi tunayochanganyia dawa ya sindano.

"Hayo ni maji matupu. Hayaingizwi kwenye mshipa."

"Maji ni maji."

Emily akasimama mbele ya rafu. Manasseh akampiga teke la tumbo, Emily akaanguka akajikunja sakafuni, hapumui vizuri, naye Manasseh akatwaa chupa moja. Nikaongea haraka.

"Nisikilize. Chembe ya damu imefunikwa na ngozi nyembamba sana. Maji yanapenya ngozi hiyo kufuata chumvi iliyo ndani. Maji ya dripu yana chumvi kama ya damu, ndiyo maana chembe inatulia. Ukimtia matupu, yataingia tu mpaka chembe zipasuke. Utamuua mara ya pili."

"Unataka afe nifungwe," akasema, na panga likashuka kwenye mkono wangu, chini ya kiwiko. Niliona nyama yangu nyeupe kabla haijajaa damu.

Ningevumilia. Ningebana meno na kukaa pale pale. Lakini hasira ilinipanda, nikataka huyu mjinga aone kwa macho yake. Dakika moja tu, nilijiambia. Nikatoa mikono pajani.

Nilichukua glasi mbili za dawa. Moja nikaitilia maji yaliyosalia kwenye mpira wa dripu, nyingine maji ya ile chupa aliyoishika. Nikadondosha damu ya mkono wangu ndani ya zote mbili, matone matano huku, matano kule, nikatikisa. Kisha nikazisogeza mbele ya kalenda ya ukutani.

"Soma."

Ile ya chumvi ilikuwa nzito, nyekundu ya matope. Hakuona herufi hata moja. Ile ya maji matupu ilichukua muda kidogo, halafu ikang'aa kama juisi.

"Machi," alisoma. "Jumapili, Jumatatu."

"Unasoma kwa sababu chembe hazipo tena. Zimepasuka zote. Hivyo ndivyo ulivyotaka kumfanyia ndugu yako."

Panga lilimtoka mkononi. Akaiweka chupa sakafuni polepole, akaomba radhi kwa Emily, akaketi kwenye benchi.

"Nimeelewa, Sista. Basi tungoje ile ya chumvi ije na ambulensi."

Nilifurahi. Kweli kabisa, nilifurahi kwamba nimemshinda. Halafu nikageuka kitandani. Damu ilikuwa imejaa kwenye godoro na kutiririka hadi kwenye viatu vyangu, na pajani haikuwa ikitoka tena. Nikagusa shingo ya Machogu. Nikagusa upande wa pili. Mshipa haukupiga.

"Anaendeleaje?" Manasseh akauliza.

Nikarudisha mikono yangu pajani, nikabana kwa nguvu zangu zote mpaka ambulensi ikafika.