Ritifaa ya Cephas

Dada yangu Milka aliniuliza swali moja mara tatu. Mara zote tatu nilimjibu ukweli, na mara zote tatu alidhani namdhihaki.

"Password ni nini?"

"Nyasaye ema ong'eyo."

Kwa Kijaluo maana yake ni Mungu ndiye anayejua. Hilo ndilo lilikuwa neno la siri lenyewe, likifuatwa na mwaka 2019. Nililichagua siku nilipoifunga ile diski, nikajichekea kwa werevu wangu: mwizi akinikaba koo na kuniuliza, nitamjibu bila kusema uongo, naye ataondoka mikono mitupu. Sikufikiria siku ambayo mimi mwenyewe ningeliandika na diski inikatae.

Mimi naitwa Cephas. Naishi nje kidogo ya Ndhiwa, na sebule ambayo wengine wangejaza viti vya wageni, mimi nimeijaza kompyuta. Ni nne, na moja tu ndiyo niliinunua nzima. Nyingine nimeziunga kwa vipande vya kutoka Migori na Homa Bay, na vingine kutoka stoo za shule zilizokuwa zikivitupa. Hakuna aliyeniajiri kwa hayo. Nalima, na nikitoka shambani naosha mikono na kuwasha mashine. Mke wangu Roseline husema wageni wetu hukaa jikoni kwa sababu sebule ina wenyewe. Ni kweli, na sina mpango wa kubadilika.

Nilikuwa na msimamo mmoja, na niliutangaza kwa yeyote aliyekubali kusikiliza: kitu cha familia hakikai kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Mtu akiniambia picha zake ziko huko juu hewani, nilimuuliza hewa hiyo ni ya nani. Vya kwetu nilivitunza mwenyewe kwenye laptopu, na nakala yake kwenye diski ya nje iliyofungwa kwa neno la siri. Ndiyo maana nyimbo za Milka nilikuwa nazo mimi peke yangu.

Milka aliongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu la Sabato kwa miaka kumi na saba. Nyimbo saba alizitunga mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliouandikia nota. Mwaka 2019 nilimrekodi kanisani akiziimba zote saba, peke yake, siku mbili mfululizo. Miaka miwili baadaye alifanyiwa upasuaji wa rovu, ule uvimbe wa shingoni. Alipona, tunamshukuru Mungu, ila sauti haikurudi. Kilichobaki ni mkwaruzo, na ukisimama hatua tatu kutoka kwake humsikii.

Kabla ya kwenda hospitali aliniomba nizitume nyimbo zile kwenye simu za wanakwaya. Nilikataa. Nilimwambia lazima nizisafishe kwanza, maana kulikuwa na jogoo aliyewika katikati ya wimbo wa nne na bati lililokuwa likigongagonga. Nilimwambia pia kwamba zikiingia kwenye simu za watu zitakuwa kama omena, wale dagaa wa ziwani, gunia likipasuka kila mpita njia anachota. Milka akaniangalia, akasema, "Omera, ndugu yangu, mficha uchi hazai." Nikacheka. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka sita, na asiyesikia la mkuu mnajua yanayompata.

Yaliyonipata mimi yaliletwa na radi. Mwaka huu, mwezi wa tano, ilipiga karibu na transfoma, umeme ukaja kwa nguvu, na laptopu ikafuka moshi mezani. Nilisikitika, lakini sikuogopa. Diski ilikuwa kabatini, haijachomekwa popote. Nikaichomeka kwenye kompyuta nyingine, nikaandika neno la siri, nikabonyeza. Ikanijibu kwamba neno si sahihi.

Miaka yote hiyo laptopu ndiyo iliyokuwa ikilikumbuka neno kwa niaba yangu. Mimi sikuwa nimeliingiza tena tangu siku ya kwanza. Lakini nilikuwa nimelinakili kwenye daftari kwa kalamu, herufi kwa herufi, na hilo hapo lilikuwa mbele yangu. Nikaliandika mara kumi. Nikaliandika mara ishirini, polepole, kwa kidole kimoja. Si sahihi.

Nilimficha Milka jambo hilo mpaka mwezi wa saba. Siku hiyo alikuja akitokea mazoezi ya kwaya, akakaa jikoni pamoja na Roseline, na nilipoingia nikaona alikuwa amelia. Kwaya ilikuwa imechagua wimbo wake wa tatu kwa ajili ya makambi ya mwezi wa nane, ule mkutano wetu wa kila mwaka ambapo makanisa yote ya upande huu hukusanyika. Kulikuwa kumebaki wiki tatu. Bonface, mwalimu wa kwaya, alikuwa amejiunga nao mwaka jana na hakuwahi kumsikia Milka akiimba. Aliufundisha wimbo kwa kukisia, na kwenye kiitikio, pale ambapo sauti inapaswa kupanda, yeye aliwashusha.

"Wanaimba wimbo wangu na sio wimbo wangu," Milka akaniambia. "Nikifungua mdomo niwaonyeshe, wale wasichana wanaangalia chini. Wananionea haya, Cephas. Nipe sauti yangu."

Hapo ndipo nilipolazimika kusema, na hapo ndipo aliponiuliza swali lake mara tatu. Alipoelewa kwamba sikuwa nikitania, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilimwambia nitaifungua diski hiyo kabla ya makambi. Sikumwambia nitajaribu, kwa sababu mtu anayesema atajaribu tayari ameanza kutafuta pa kukimbilia.

Nikaandika programu ndogo ya kubahatisha kwa niaba yangu. Iligeuza herufi kubwa kuwa ndogo, ikaweka nafasi mbili badala ya moja, ikahamisha mwaka mbele na nyuma, ikaondoa hata ile ritifaa, yaani kile kijialama cha juu kinachofuata ng. Kila jaribio lilichukua sekunde tatu, kwa kuwa siku ya kuifunga diski nilichagua kufuli gumu kuliko yote, kwa maringo yangu. Umeme ulipokatika niliunganisha betri ya sola ya taa za nyumba, na Roseline akapika kwa tochi ya simu. Majaribio elfu kumi na nne yalikwisha. Nikafikiria makosa mengine, nikaanza upya.

Nilienda hadi Migori kwa fundi mmoja anayesifika. Aliigeuza diski mkononi, akaniambia hiyo ni kazi ndogo, ataifuta yote na kunirudishia ikiwa safi kabisa. Nilimnyang'anya diski yangu nikaondoka bila kuaga. Sijivunii hilo, ila ningekaa pale dakika moja zaidi ningesema maneno ambayo mzee wa kanisa hasemi.

Ijumaa ya wiki ya pili Bonareri alinipigia simu. Bonareri, ambaye sokoni tunamwita Mama Sheila, ni mama kutoka Kisii mwenye duka la fotokopi na kupiga chapa pale sokoni Ndhiwa, na printa yake ikikwama mimi ndiye daktari wake. Nilikuta printa imekwama naye amekasirika. Bonface alikuwa amemrudishia rundo la karatasi za maneno ya wimbo, eti alama hazifanani, na makambi yenye wageni wengi hayataki karatasi chafu. Nilichukua moja, nikaitazama kwa sababu tu ilikuwa ya Milka. Neno ng'wono, yaani neema, lilikuwa kwenye kila ubeti. Katika beti mbili za kwanza ritifaa ilisimama wima kama msumari. Katika ubeti wa tatu ilikuwa imejipinda.

"Mama Sheila, mbona hii imepinda?"

"Fundi, hiyo sio mimi," akasema. "Zile beti za kwanza Bonface alinitumia kwa WhatsApp, nikabandika tu. Hii ya mwisho nimeandika mwenyewe hapa kwa Word. Ukiandika hapa inajipinda yenyewe."

Nilisimama pale na karatasi mkononi kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Nilikumbuka siku ya kuifunga diski. Kile kisanduku cha neno la siri huonyesha nukta tu, na mimi, kwa kuogopa kukosea, niliandika neno langu kwanza kwenye Word ili nilione kwa macho, kisha nikalinakili na kulibandika. Word ilikuwa imenipindia ritifaa, nami sikuona. Kwa macho ya mtu, iliyopinda na iliyonyooka ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni alama mbili tofauti kabisa, kama vile b na d. Na kwenye daftari, kalamu yangu ilikuwa imeweka kimstari tu, hakisemi kama kimepinda au kimenyooka. Katika majaribio yangu yote, yale elfu kumi na nne na yaliyofuata, hakuna hata moja lililobisha hodi kwa alama iliyopinda.

Printa ya Bonareri niliiacha imekwama. Nilimwambia nitarudi Jumapili, akaniita jina la Kikisii ambalo sikuomba tafsiri yake. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na jua likizama Sabato inaingia, na nyumbani kwangu Sabato ikiingia mashine zinazimwa. Nilimwandikia Milka ujumbe aje. Nilipofika nilifungua Word, nikaandika Nyasaye ema ong'eyo 2019, nikaitazama ritifaa ikijipinda yenyewe mbele ya macho yangu, nikanakili, nikabandika, nikabonyeza. Sekunde tatu.

Diski ikafunguka. Nyimbo zote saba zilikuwa pale, kila moja na tarehe yake. Nilifunika uso kwa mikono nikalia, na sioni aibu kulisema.

Sikusikiliza hata mmoja mpaka Milka alipofika. Alikaa kwenye kiti changu, nikamwekea wimbo wa tatu. Alisikiliza akiwa amefumba macho, na kiitikio kilipokaribia mkono wake ulianza kupanda wenyewe. "Hapo," akasema. "Umeskia inaenda juu? Ni hapo." Nikaurudia. Tulikuwa tumeurudia mara nne Roseline alipokuja mlangoni akaonyesha dirisha kwa kidevu, na jua lilikuwa limebaki kipande. Nikazima.

Jumamosi, Sabato ilipotoka tu, nilizituma zote saba kwa Bonface, kwa kila mwanakwaya, na kwa mtu yeyote wa kanisa ambaye namba yake ninayo. Sikusafisha chochote. Jogoo alienda na wimbo wake na bati likaenda na lake. Nilimwandikia kila mmoja amtumie mwenziwe, na kwa mtu kama mimi hayo yalikuwa maneno mazito kuliko kukiri dhambi. Kwaya ilirudi mwanzo na Bonface akajirekebisha bila kinyongo, na kwenye makambi kiitikio kilipanda pale kinapopaswa kupanda. Milka alikuwa mstari wa mbele kati ya wasikilizaji, ameshikilia mkoba wake kwa mikono miwili.

Wiki mbili baadaye tulikuwa naye sokoni Ndhiwa, siku ya soko. Tulipita mahali ambapo mama mmoja kutoka Karungu alikuwa ametandaza omena, na kando yake kulikuwa na kile kiredio kidogo cha kutumia kadi. Kilikuwa kikiimba. Milka akasimama ghafla mpaka nikamgonga mgongoni. Ulikuwa wimbo wake wa kwanza, na sauti yake ya siku zile ilipita juu ya kelele za watu na pikipiki ikiwa nzima, haina mkwaruzo.

Akainama kumuuliza yule mama ni nani anayeimba. Yule mama hakumsikia, ikabidi ausogeze uso wake mpaka karibu na mdomo wa Milka.

"Mimi simjui, mama," akasema. "Nilitumiwa tu. Lakini huyu ana sauti. Ukiskia siku moja mahali anaimba, uniambie, nitaacha hii omena yangu niende."

Milka akafungua mdomo kumjibu, akaufunga. Akanishika mkono.

"Mwambie ni mimi," akaninong'oneza.

Nikamwambia, kwa sauti ya kufika mpaka upande wa pili wa soko.