Punje Kumi za Bwana Miti

Semboja, bwana miti wa wilaya, alifika Sindeni akiwa amechoka hata kabla jua halijapanda. Misitu miwili ilikuwa mbele yake, na mmoja lazima ufyekwe, watu wa kijiji kipya cha ujamaa wapate mashamba. Kozini alifundishwa asiamue kwa kichwa chake. Wananchi wapime wenyewe kipi kina uzito zaidi, maji, mbao au ardhi, kisha alama alizoupa yeye kila msitu kwa mambo hayo zizidishwe kwa uzito huo. Basi akapanga makopo matatu, la maji, la mbao na la ardhi, akampa kila mtu punje kumi za mahindi azigawe apendavyo.

Mahindi, jamani. Mwaka ule wa njaa, mvua imegoma misimu miwili, watu wanachimba mizizi. Sijui alikuwa na akili gani.

Asubuhi nzima wanawake walisema jambo moja tu: msitu wenye chemchemi usiguswe. Bibi Chausiku alisema mpaka sauti ikamkauka. Kisha wakapita kwenye makopo mmoja mmoja. Kopo la ardhi wanaume walilijaza. La maji lilikuwa na punje kumi na moja. Semboja akaziona pindo za kanga za wanawake zilivyofungwa vifundo, akaelewa punje zimekwenda wapi.

"Turudie kwa kokoto," akamwambia Mbwana, katibu wa kata.

"Wameshakwenda kupika, ndugu. Na gari la wilayani linaondoka saa nane. Zidisha hesabu zako twende."

Angeweza kubisha. Lakini vijiji vinne vilikuwa vinamngoja, na kubishana na katibu siku zile hakukuwa mchezo. Akazidisha. Ardhi ikashinda, na msitu wa chemchemi ndio uliokuwa na udongo mzuri, kwa hiyo ukaangukiwa na shoka. Akatia sahihi, karatasi ikapanda gari.

Alipokuwa anafunga mkoba, Bibi Chausiku akamwita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unywe uji. Zile punje tumezichanga tukasaga, wajukuu hawajala tangu jana. Mungu akuzidishie." Akamkabidhi bakuli. "Maji nimechota kulekule chemchemini. Umetuandikia, lakini? Maana tulisema sote."

Semboja akalipokea bakuli kwa mikono miwili. Uji ulikuwa mwepesi, maji yake matamu.

"Nimeandika, bibi," akasema.