Mzinga wa Riruta

Alvin alikuwa na miezi mitano, na kila jioni alilia mpaka sauti ikamkauka. Mama yake, Adhis, mwalimu wa fizikia Kawangware, alimpeleka kliniki. Walipima masikio, tumbo na damu, wakasema mtoto ni mzima. Lakini uzito wake ulizidi kushuka.

Nyanya yake Adhis, Mildred, alikuja kutoka Sarang'ombe. Alimsikiliza mtoto kama mtu anayesikiliza hodi.

"Huyu anataka jina."

"Analo, Dani," alisema Adhis, akimwita nyanya yake kwa Kijaluo. "Amebatizwa."

"Hilo ni la kanisa. La nyumbani ni gani?"

Kwa Wajaluo, mtoto wa kilio kama hicho hutajiwa majina ya wafu wa ukoo, na likitajwa lake hunyamaza. Mildred alitaja yote aliyoyajua. Alvin akaendelea kulia. Lilibaki la Ojwang, kaka wa babu yake Mildred, aliyehudumia mzinga wa meli ziwani wakati wa vita vya kwanza vya Wazungu, akazama. Maiti haikupatikana. Walizika tunda la mwegea badala yake, kama desturi ilivyotaka.

"Huyo haitwi kwa nyumba," alisema Mildred. "Hajawahi kurudi nyumbani. Aitwe mahali kuna kitu cha kazi yake."

Ndegwa, mwenye ploti ambayo Adhis alipanga, alikuwa na makumbusho yake madogo Riruta: redio za mbao, bendera, na mzinga mmoja wa meli. Adhis alikubali kwenda. Dani angeona chuma, na mambo yangeishia hapo.

Mzinga ulikuwa mrefu kuliko kitanda, umepakwa rangi nyeusi, umewekwa juu ya nguzo mbili za saruji. Ubaridi wake ulisikika kabla hujaugusa.

"Ni wa meli gani?" Adhis aliuliza.

"Sijui, mwalimu. Niliununua kwa mnada. Mmoja alisema ni wa baharini, mwingine akasema ziwa. Nikiandika kitu hapo nitakuwa nadanganya watu."

"Umesikia, Dani?"

"Nimesikia. Mzee, naweza shika?"

"Shika, mama. Lakini usiukalie kama hawa wa selfi."

Mildred aliinama kwenye mdomo wa mzinga, akaita, "Ojwang." Jina lilirudi likiwa zito kuliko lilivyoingia. Alvin, aliyekuwa akilia tangu getini, alinyamaza katikati ya pumzi.

Bomba refu huikuza sauti nzito, na sauti nzito hutuliza watoto. Adhis alilijua hilo, kwa hiyo alijaribu. Aliinama, akaita jina la marehemu baba yake, Nicanor. Mtoto akalia. Akaita jina lolote tu, Billy. Akalia. Akaita Ojwang, kwa sauti ile ile. Kimya.

"Mwalimu, wachana nayo," alisema Ndegwa, bila kucheka. "Mtoto amekujibu."

Basi wakamwita Ojwang. Kilio kiliisha na uzito ukarudi.

Siku moja kifuniko cha sufuria kilianguka karibu na mtoto, upande wa kulia. Hakupepesa macho. Adhis alichukua funguo, akazitikisa nyuma ya sikio la kushoto, mtoto akageuka. Akazitikisa kulia. Hakugeuka. Kliniki walipima tena kwa mashine ile ile: kushoto sawa, kulia hakuna kitu. Sababu hawakuipata.

Alimpigia Mildred simu.

"Dani, Ojwang alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mpole, walisema. Lakini ukimwita ukiwa kulia kwake haitiki. Ule mzinga ulikuwa umekula hilo sikio."

"Na hukuniambia?"

"Ungeamini?"

"Nikimnyang'anya hilo jina?"

"Jaribu, nyakwara, mjukuu wangu. Wewe ni mtu wa kujaribu."

Alikata simu. Alipiga magoti kushoto kwa mtoto, akamwita polepole, "Alvin." Mtoto alimtazama. Midomo ikaanza kutetemeka, kifua kikajaa pumzi.

"Ojwang," alisema Adhis haraka. "Ojwang, nisamehe."